Futiboli ya Vyuo Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msimu na Viwango Vyake

Kila Agosti inapoelekea ukingoni, ndugu na marafiki huanza kuniuliza maswali yale yale kuhusu futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Wengine wako huku huku Columbus, Ohio, ninakoishi. Wamehamia juzi na wanashangaa kuona mji mzima umevaa nyekundu siku ya Jumamosi. Wengine wako Dar, Mombasa, Bukavu na Maskati, wanakesha kuangalia mechi na wanataka kujua timu hupandaje na kushukaje kwenye viwango. Timu yangu ni Ohio State, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko. Kanuni ni za wote.

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Ni 11 kwa 11, kwenye uwanja wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo, wenye eneo la kufungia la yadi 10 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika, inaanza kuhesabiwa upya. Isipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira kwenye eneo la kufungia ni tachidauni, pointi 6, na baada yake unatafuta nyongeza: pointi 1 kwa shuti, au 2 kwa kuuingiza tena kwa mkono. Shuti linalopita kati ya milingoti wakati wa mchezo ni pointi 3. Robo nne, dakika 15 kila moja. Anayeongoza mashambulizi, anayepokea mpira na kuamua aurushe au ampe mwenzake akimbie nao, ni kwotabeki. Hayo yanakutosha kwa Jumamosi yako ya kwanza.

Kwa nini kuna viwango? Kwa nini wasiangalie msimamo wa ligi tu, biashara ikaisha?

Kwa sababu hesabu hazikubali. Ngazi ya juu ya futiboli ya vyuo, inayoitwa FBS, ilikuwa na timu 136 msimu wa 2025, na kila timu hucheza mechi 12 tu za kawaida. Kwenye Ligi Kuu ya Tanzania au ya Uingereza kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, kwa hiyo ukijumlisha pointi umempata bingwa. Huku timu mbili zinaweza kumaliza na rekodi sawasawa bila kuwa na hata mpinzani mmoja waliyecheza naye wote wawili. Hata ndani ya ligi moja mambo ni hayo hayo: Big Ten ina vyuo 18, na kila kimoja hukutana na 9 tu.

Sasa chukua timu iliyoshinda mechi 10 dhidi ya vigogo, na nyingine iliyoshinda 11 dhidi ya wanyonge. Nani bora? Hakuna jedwali litakalokujibu. Lazima watu wakae, waangalie mechi, wabishane, waamue. Uamuzi huo ndio kiwango. Mchezo huu ulianza mwaka 1869, Rutgers walipowafunga Princeton 6–4 kule New Jersey, na hadi leo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakijawahi kumtangaza bingwa wake rasmi wa ngazi hii. Ubingwa umekuwa ukitolewa na waandishi, na makocha, na kompyuta, na sasa na mchujo ambao wanaoingia huchaguliwa na kamati.

Hili ndilo ninalomwambia kila anayeanza: soma kiwango kama unavyosoma hukumu. Usiishie kwenye namba. Uliza ushahidi uko wapi: timu hii imemfunga nani, wapi, na lini?

Kura ya AP ni nini?

Ni kura ya shirika la habari la Associated Press, na imekuwa ikipigwa tangu 1936. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Minnesota. Wapigaji ni waandishi na watangazaji wa michezo wapatao 60 hivi kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kila mmoja anapanga timu zake 25. Aliyewekwa wa kwanza hupata pointi 25, wa pili 24, hivyo hivyo hadi wa 25 anayeambulia 1. Zinajumlishwa, orodha inapatikana. Namba iliyo kwenye mabano kando ya jina la timu ni idadi ya wapigaji walioiweka ya kwanza, na chini kabisa kuna mstari wa timu zilizopata kura bila kuingia 25. Mstari huo usiupuuze, maana timu itakayokushangaza Novemba mara nyingi huanzia hapo Septemba.

Orodha hutoka Jumapili, baada ya mechi za Jumamosi, na kura ya kila mwandishi huwekwa hadharani. Hilo nalipenda sana. Mtu akiipandisha timu ya nyumbani kwao bila sababu, kesho yake anaulizwa.

Kura hii haina mamlaka ya kuingiza timu kwenye mchujo. Lakini ndiyo yenye historia ndefu, na ndiyo inayoandikwa kando ya jina la timu kwenye televisheni hadi mwanzoni mwa Novemba.

Na ile ya makocha?

Ilianza 1950 na utaratibu wake unafanana na wa AP. Mimi naipa uzito mdogo. Kocha mwenye mechi yake Jumamosi hana muda wa kuangalia mechi za wenzake 100 na ushei, na ana maslahi kwenye matokeo.

Kuna nyakati kura hizi mbili zilitofautiana hadi nchi ikawa na mabingwa wawili. Mwaka 1997 waandishi walimpa Michigan na makocha wakampa Nebraska. Mwaka 2003 LSU walishinda fainali ya mfumo wa BCS, uliochanganya kura na kompyuta, huku waandishi wakiwachagua USC. Mfumo huo wa BCS ulidumu kuanzia 1998 hadi 2013, ukizipeleka fainali timu mbili tu. Mwaka 2004 Auburn walimaliza bila kufungwa na bado hawakuiona fainali. Hasira za miaka ile ndizo zilizozaa mchujo wa leo.

Kamati inafanyaje kazi?

Kamati ina watu 13: wakurugenzi wa michezo wa vyuo, makocha wastaafu, wachezaji wa zamani na kadhalika. Wanakutana Grapevine, Texas, na kuanzia mapema Novemba wanatangaza orodha ya timu 25 kila Jumanne jioni. Mjumbe anayelipwa na chuo fulani hutoka chumbani chuo hicho kinapojadiliwa. Wanaangalia ugumu wa ratiba, matokeo ya waliokutana ana kwa ana, matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja, ubingwa wa ligi, na hata majeruhi. Orodha ya mwisho hutangazwa Jumapili ya mapema Desemba, baada ya fainali za ligi. Hiyo ndiyo yenye meno. Zile za Jumanne zilizotangulia zinaweza kufutwa kabisa, na zimewahi kufutwa.

Mwaka 2014, mchujo ulipoanza na timu nne, TCU walikuwa nafasi ya 3 wakiingia wiki ya mwisho. Wakawatandika Iowa State 55–3. Kwa ushindi huo wakashuka hadi nafasi ya 6. Siku hiyo hiyo Ohio State, waliokuwa wa 5, waliwafunga Wisconsin 59–0 kwenye fainali ya Big Ten wakiwa na kwotabeki wao wa tatu, Cardale Jones, kwa kuwa wawili waliomtangulia walikuwa majeruhi. Wakapanda hadi nafasi ya 4, wakaingia, wakawafunga Alabama 42–35, kisha Oregon 42–20, wakatwaa ubingwa. Shabiki wa TCU ana haki ya kuuguza kidonda hicho mpaka leo, nami shabiki wa Ohio State nakubali hivyo. Wakati huo ligi yao haikuwa na fainali, kwa hiyo siku ile hawakuwa na kigogo wa kumpiga.

Timu ngapi huingia kwenye mchujo sasa?

Kuanzia msimu wa 2024, ni 12. Kwa kanuni zilizotumika 2025, mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi kwenye orodha ya kamati waliingia moja kwa moja, na nafasi 7 zilizobaki zikajazwa kwa kufuata orodha. Timu nne za juu hupumzika raundi ya kwanza. Wa 5 hadi wa 8 huwakaribisha wapinzani wao nyumbani, kwenye uwanja wa chuo wenyewe, kwenye baridi ya Desemba. Robo fainali na nusu fainali huchezwa kwenye mechi za kale za sikukuu, kama Rose Bowl na Sugar Bowl, na fainali hufanyika Januari siku ya Jumatatu.

Kanuni hizi hubadilika. Mwaka 2024 nafasi nne za kupumzika zilitengwa kwa mabingwa wa ligi hata kama orodha iliwaweka chini. Mwaka uliofuata wakaliondoa hilo. Kila Agosti hakikisha unajua kanuni za msimu unaoanza.

Timu inaweza kushinda mechi zote na bado ikaachwa?

Ndiyo. Florida State, 2023. Hakuna jeraha kubwa kuliko hilo katika historia ya mchujo, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu linafundisha mengi.

Walishinda mechi 13 kati ya 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yao, ACC. Kabla yao hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyewahi kumaliza bila kufungwa akaachwa nje ya mchujo wa timu nne. Lakini katikati ya Novemba kwotabeki wao, Jordan Travis, aliumia vibaya mguu. Waliendelea kushinda bila yeye, kwa shida, ulinzi ukiwabeba. Upande wa pili Alabama, ambao kipigo chao pekee kilitoka kwa Texas, tena nyumbani kwao Alabama, waliwafunga Georgia waliokuwa nafasi ya kwanza kwenye fainali ya ligi yao, SEC. Kamati ikajikuta na timu tano kwa nafasi nne. Ukimwingiza Alabama, huwezi kumwacha Texas aliyemfunga. Mtu wa kutolewa akawa Florida State, na sababu iliyotajwa ni kwamba bila Travis hawakuwa timu ile ile.

Travis aliandika kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu ilikuwa zaidi ya yeye.

Wachezaji wengi wa Florida State hawakucheza mechi yao ya mwisho, na Georgia wakawafunga 63–3. Wapo wanaosema matokeo yale yaliithibitisha kamati. Mimi sikubaliani. Timu iliyokwisha kunyang'anywa sababu ya kucheza si timu ile iliyoshinda 13. Kamati iliamua kwa kutabiri yajayo badala ya kuhesabu yaliyotendeka uwanjani, na kwangu ushindi uliokwisha kupatikana ni lazima uheshimiwe kuliko utabiri.

Kabla yao walikuwepo UCF wa 2017: rekodi ya 13–0, yaani ushindi 13 na vipigo 0, wakawafunga Auburn 34–27 kwenye Peach Bowl, na kamati ilikuwa imewaweka nafasi ya 12. Wakajitangaza mabingwa wenyewe.

Nini kilitokea kati ya Notre Dame na Miami mwaka 2025?

Miami waliwafunga Notre Dame 27–24 mwanzoni mwa msimu. Kisha Miami wakateleza mara mbili, na Notre Dame, baada ya kufungwa pia na Texas A&M kwa pointi moja, wakashinda mechi 10 mfululizo. Wote wawili 10–2. Jumanne baada ya Jumanne, kamati iliwaweka Notre Dame juu ya Miami. Wiki ya mwisho hakuna hata mmoja wao aliyecheza, lakini Jumapili orodha ilipotoka Miami walikuwa ndani na Notre Dame nje. Maelezo yalikuwa kwamba timu hizo mbili sasa zilikuwa zimekaa jirani kwenye orodha, na majirani wakilinganishwa, matokeo ya ana kwa ana hutazamwa.

Naamini jibu la mwisho lilikuwa sahihi. Mliokutana uwanjani mmeshamaliza ubishi. Kosa lilikuwa kulificha jibu hilo kwa zaidi ya mwezi mzima huku vijana wa Notre Dame wakiaminishwa kwamba wako salama. Chuo kilikasirika kikakataa kucheza mechi yoyote ya sikukuu. Miami nao wakawafunga Texas A&M 10–3, wakatufunga sisi 24–14, wakawafunga Ole Miss 31–27 na kufika fainali.

Ukifungwa mara moja, msimu umekwisha?

Zamani karibu ungesema ndiyo. Sasa hapana, na shahidi ni Ohio State wa 2024.

Tulifungwa na Oregon 32–31 Oktoba. Hiyo ilivumilika. Kisha tarehe 30 Novemba, nyumbani, Michigan waliokuja na rekodi ya 6–5, bila hata nafasi kwenye 25 bora, wakatufunga 13–10. Mji ulinyamaza wiki nzima. Watu walitaka kocha Ryan Day afukuzwe. Kamati ikatupa nafasi ya 8 katika mpangilio, maana ushindi tulioupata msimu mzima ulikuwa bado unahesabika, na ndipo msimu wa pili ulipoanza: Tennessee 42–17 hapa Columbus, kisha Oregon wale wale 41–21 kwenye Rose Bowl.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Texas. Tunaongoza 21–14, robo ya mwisho, na Texas wana mpira kwenye yadi ya 1. Yadi moja tu, majaribio manne. Jaribio la kwanza wanasukuma katikati, hakuna kitu. La pili wanautupa pembeni na mkimbiaji anadakwa yadi kadhaa nyuma. La tatu pasi inapotea. La nne kwotabeki Quinn Ewers anarudi nyuma kutafuta wa kumpa, na Jack Sawyer, kijana wa Pickerington, mji ulio jirani kabisa na Columbus, anamzunguka mlinzi, anamgonga Ewers, mpira unachomoka na kumwangukia Sawyer mikononi. Akakimbia yadi 83 hadi mwisho wa uwanja. Ewers na Sawyer waliwahi kukaa chumba kimoja Ewers alipokuwa Ohio State. Tarehe 20 Januari 2025, Atlanta, tukawafunga Notre Dame 34–23 na kuwa mabingwa.

Kwa mchujo wa timu nne, vijana wale wangekwenda nyumbani Novemba.

Viwango vya Agosti, kabla ya mechi hata moja, vina maana yoyote?

Vina maana ya kukuambia watu wanafikiri nini. Si zaidi. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, kwa hiyo timu unayoiona Agosti inaweza kuwa na nusu ya kikosi ambacho hakuna aliyekiona kikicheza pamoja. Will Howard, kwotabeki wetu wa 2024, alitoka Kansas State. Alikaa msimu mmoja akaondoka na ubingwa.

Tazama 2025. AP waliwaweka Texas wa 1 na Penn State wa 2. Texas walikuja Columbus mechi ya kwanza kabisa, wakafungwa 14–7, na mwisho hawakuingia kwenye mchujo. Penn State walimfukuza kocha wao James Franklin katikati ya Oktoba. Indiana walianza nafasi ya 20. Hao ni Indiana waliokuwa 3–9 mwaka 2023, chuo ambacho kwa miongo mingi kilitajwa miongoni mwa timu zilizopoteza mechi nyingi zaidi tangu mchezo huu uanze. Kocha Curt Cignetti alikuja kutoka James Madison, kwotabeki Fernando Mendoza akaja kutoka California, wakashinda kila mechi. Tulikutana nao fainali ya Big Ten sisi tukiwa wa 1 na wao wa 2, wakatufunga 13–10 baada ya shuti letu fupi kukosa milingoti dakika za mwisho. Iliuma, lakini walikuwa bora. Ndipo Indiana wakashika nafasi ya 1 ya AP kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wakawatandika Alabama 38–3, Oregon 56–22, wakawafunga Miami 27–21 fainali. Mechi 16, ushindi 16.

Kama ulizima televisheni Agosti kwa sababu ya orodha, ulikosa yote hayo.

Ni mechi ipi nisiikose hata nikiwa mgonjwa?

Ohio State na Michigan, Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Ni watani wa jadi kama Simba na Yanga, ila wanakutana mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo anayefungwa anaishi na kipigo siku 364. Walianza kukutana 1897. Wiki ya Michigan, herufi M kwenye mabango na vibao vya chuo cha Ohio State hufunikwa kwa alama ya X ya utepe mwekundu, jengo baada ya jengo. Wachezaji wakishinda hupewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, desturi iliyopo tangu 1934. Nimewahi kuona mzee akikionyesha chake kwa wajukuu. Hakuruhusu mtu akiguse kwa mkono mchafu.

Novemba 2006 walikutana wakiwa wa 1 na wa 2 nchini. Siku moja kabla, Bo Schembechler, kocha mkongwe wa Michigan ambaye aliwahi kuwa msaidizi Ohio State, alifariki. Tulishinda 42–39. Kuanzia 2021 hadi 2024 Michigan walitufunga mara nne mfululizo, na miaka hiyo ilikuwa mirefu. Mwaka 2025 tulikwenda kwao Ann Arbor, uwanja unaochukua zaidi ya watu 107,000, tukashinda 27–9.

Nyingine za kuwekea alama: Alabama na Auburn, Texas na Oklahoma, zinazochezwa Dallas katikati ya maonyesho makubwa ya jimbo, na Jeshi dhidi ya Wanamaji, inayochezwa tangu 1890, ambako hakuna anayejali viwango.

Mechi zinaanza saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Mechi kubwa za Jumamosi zina vipindi vitatu. Hadi mwisho wa Oktoba, cha kwanza ni saa 1 jioni, cha pili saa 4:30 usiku, na cha tatu saa 8:30 usiku kuamkia Jumapili. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, kwa hiyo ongeza saa moja kwenye kila kimoja. Mechi ya Michigan huchezwa mchana wa Marekani, kwa hiyo Dar na Nairobi ni saa 2 usiku, muda mzuri hata kwa wenye watoto. Walioko Bukavu, Bujumbura na Kigali wapunguze saa moja, walioko Oman waongeze moja. Fainali ya Januari ndiyo ngumu: karibu saa 9:30 usiku kuamkia Jumanne. Omba ruhusa kazini mapema.

Nikifika Columbus, kuna nini uwanjani zaidi ya mechi?

Fika mapema uone bendi. Uwanja wa Ohio State, uliofunguliwa 1922 na wenye umbo la kiatu cha farasi, unachukua zaidi ya watu 102,000. Kabla ya mechi bendi ya chuo huingia na kuandika jina la jimbo kwa miili yao, mstari mmoja unaozunguka na kupishana bila kukatika, kwa mwandiko wa kuunganisha. Herufi zikikamilika, mpigaji mmoja wa susafoni, tarumbeta lile kubwa linalovaliwa begani, hutoka kwenye mstari akitembea kwa madaha na kusimama mahali pa nukta ya herufi i. Anainama upande mmoja, kisha mwingine. Watu 100,000 wanamshangilia mwanafunzi ambaye hatagusa mpira siku hiyo. Desturi ya bendi kuandika jina hilo ilianza 1936.

Na angalia kofia za wachezaji. Vibandiko vile vidogo vya majani ni tuzo. Mchezaji huongezewa kwa kazi nzuri. Novemba kofia ya beki hodari huwa imejaa.

Wanafunzi hawa wanalipwa?

Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Kuanzia msimu wa 2025, baada ya makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote. Mimi naunga mkono. Makocha walikuwa wakilipwa mamilioni kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Tuzo ya Heisman ni ya nani?

Ya mchezaji bora wa mwaka, tangu 1935. Mendoza wa Indiana aliichukua 2025. Archie Griffin wa Ohio State ndiye pekee aliyeitwaa mara mbili, 1974 na 1975.

Nichague timu gani?

Kama unaishi Marekani, chagua ya jimbo lako, hata kama ni dhaifu. Jirani atakusalimia kwa ajili ya kofia yako. Kama uko mbali, angalia Jumamosi mbili tatu bila kuchagua, kisha utajikuta unamkasirikia refa kwa ajili ya timu fulani. Hiyo ndiyo yako. Usichague kwa kuangalia nani wa kwanza wiki hii.

Orodha ya mwisho kabisa ya msimu hutoka lini?

Kamati haitoi nyingine baada ya ile ya Desemba. AP hupiga kura yao ya mwisho fainali ikishachezwa, na hutangaza muda mfupi baadaye. Bingwa huwa wa kwanza, lakini soma mpaka chini: nafasi ya 6 au ya 14 inakuambia msimu wa timu yako ulihukumiwaje. Baada ya hapo hakuna mechi hadi mwisho wa Agosti, isipokuwa mazoezi ya wazi ya Aprili, ambayo Columbus huvuta makumi ya maelfu ya watu kuangalia timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe.